Bibi Aliyesema "Ring"

"Amekiri," konstebo alisema kabla Inspekta hajaweka mkoba wake mezani. "Kesi imekwisha, afande. Dada wa kazi kasema mwenyewe kwamba pete aliivua yeye."

Inspekta alivuta kiti, akakaa, akavua viatu chini ya meza kama kawaida yake. Pale kituoni walimwita Mama Taratibu, mbele yake na nyuma yake, na hakuwahi kuudhika. Alikuwa mama wa makamo, mnene, asiyepandisha sauti, mwenye tabia moja iliyowachosha vijana: akiambiwa jambo limekwisha, yeye ndipo anapoanza.

"Aliivua. Akaipeleka wapi?"

Konstebo akakohoa. "Hapo sikumuuliza, afande. Si alishakiri?"

"Amekiri kuvua. Mimi kila siku namvua mjukuu wangu viatu, na hujanikamata. Mlete."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jana yake mchana, mwanamume mmoja mwenye duka la vipuri vya magari alikwenda kumjulia hali mama yake. Alikuta mlango wa nyuma umerudishwa tu bila kufungwa, na mama kaanguka kwenye ujia wa ndani, damu ikimtoka kichwani. Juu ya kimeza kilichokuwa hapo ujiani ilikaa simu ya zamani, zile za kuzungusha namba kwa kidole, na mkono wa simu hiyo ulikuwa unaning'inia kwa waya wake. Kidole cha bibi, ambacho hakikuwahi kukosa pete ya ndoa tangu kabla mwanawe hajazaliwa, kilikuwa kitupu. Dada wa kazi hakuwepo. Polisi walimpata stendi ya mabasi, na mfuko wake mapajani. Huko hospitali nako, bibi alipofumbua macho, maneno yote yalikuwa yamemkimbia isipokuwa moja, tena la Kiingereza, na hilo alilirudia mpaka sauti ikamkauka. *Ring. Ring.*

"Ring ni pete," mwanawe aliwaambia polisi. "Hata mtoto wa shule anajua. Mama anawaambia kaibiwa, nyinyi mnataka aseme nini zaidi?"

Dada wa kazi aliletwa. Alikuwa binti mwembamba, macho yamemvimba kwa kulia, na vidole vyake havikutulia, vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la gauni.

"Kaa, mwanangu," Inspekta alisema. "Nieleze habari za hiyo pete. Usiruke kitu."

"Kidole kilivimba, mama. Tangu asubuhi analalamika kinamfinya. Nikamwambia, bibi, tuivue kabla haijakukata. Tukapaka sabuni. Ikakataa, ikakataa, mwisho ikatoka."

"Ukaiweka wapi?"

"Nilimpa mwenyewe. Akaifunga fundo kwenye ncha ya mtandio wake. Vitu vyake vyote hufunga hapo, hata vidonge. Kisha akaniambia nenda kwa mwanao, basi lisije likakuacha."

"Mwanao ana nini?"

"Homa. Yuko kijijini kwa mama yangu. Bibi ndiye aliyenipa ruhusa."

"Haya hukumwambia konstebo?"

Binti alimtazama konstebo, kisha akatazama sakafu. "Niliposema niliivua, akasema inatosha."

Konstebo alijifanya anatafuta kalamu.

"Na homa ya mtoto imeshuka?"

"Sijui, mama. Simu yangu iko kwenu."

Inspekta alinyoosha mkono bila kugeuka. "Mpe simu yake apige kwao. Hapa hapa, nasi tukimsikia."

"Afande, utaratibu hauruhusu..."

"Utaratibu ndio mimi."

Binti alipiga. Alisikiliza, akasema "ndiyo mama" mara kadhaa, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Mtoto alikuwa amelala, mwili umepoa, na uji alikunywa. Konstebo alisogeza sanduku la karatasi laini karibu na mkono wa binti.

* * *

Nyumba ya bibi ilikuwa nadhifu, ya vyumba vitatu, inanukia sabuni ya kufulia. Mwanawe alimpokea Inspekta mlangoni, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Alikuwa na mwili wa mtu aliyebeba mizigo ujanani, na uso wa mtu ambaye hakulala.

"Afande, kwa heshima zote, sielewi tunarudi hapa kufanya nini. Mwizi mnaye."

"Tunatazama tu," Inspekta alisema.

Na kweli alitazama. Juu ya kabati ilikuwapo redio nzuri, mpya, na saa ya mkononi imelazwa juu yake. Hakuna aliyezigusa. Ujiani aliinama kwa shida, goti moja chini, akachungulia kona ya kile kimeza. Damu ilikuwa hapo, imekauka, na unywele mmoja mweupe umenasa. Ukutani hapakuwa na damu, wala mahali pengine. Aliunyanyua mkono wa simu akauweka sikioni.

"Haina mlio."

"Itaupata wapi? Laini ilikatwa zamani, simu za mkononi zilipoenea. Mama alikataa isitolewe. Alikuwa opereta wa simu mpaka anastaafu, akisema nyumba bila simu ujiani si nyumba."

"Jana ulituambia alishika simu awaite polisi."

"Ndivyo nilivyoona. Mkono wa simu ulikuwa unaning'inia."

"Kwa simu ambayo yeye mwenyewe anajua haifanyi kazi?"

"Alikuwa kachanganyikiwa, afande! Kapigwa kichwani!"

Inspekta alijinyanyua, akapangusa goti. "Kichwa kiligonga kimeza hiki wakati anaanguka. Kama alishika simu, basi alishika kabla hajaanguka. Kwa hiyo kuchanganyikiwa kulianza kabla ya jeraha. Hakuna aliyempiga. Nguo alizovaa jana ziko wapi?"

"Hospitali walinipa kwenye mfuko. Ziko kwenye buti ya gari. Zina damu, nilitaka kuzitupa."

"Tuzione."

Mfuko ulifunguliwa palepale, juu ya buti. Gauni, sketi ya ndani, kandambili moja, na mtandio wa rangi ya udongo. Inspekta aliupitisha mtandio vidoleni kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi. Ncha ya kwanza, hamna kitu. Ya pili ilikuwa na fundo gumu. Alilifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na vidonge viwili vya presha, na pete, bado ina weupe wa sabuni kwenye mikwaruzo yake.

Mwanamume yule alipokea pete kwa mikono miwili. Inspekta alimpigia konstebo simu: binti aachiwe, na apelekwe popote atakapo kwa gari la kituo.

"Kasema apelekwe hospitali, afande," konstebo alijibu baada ya kitambo. "Anataka kumwona bibi."

* * *

Kama ingekuwa kesi ya wizi tu, hapo ingefungwa. Lakini bibi aliponyooshewa pete kitandani aliitazama kidogo, kama mtu anavyotazama kijiko, kisha akaisukuma kwa mkono wake wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala tu.

"Ring," alisema. Macho yake yalizunguka chumba kizima. "Ring. Ring!"

"Hii hapa, mama," mwanawe alisema. "Imepatikana. Hii hapa."

Bibi alianza kulia. Aliinua kidole cha shahada akakizungusha hewani, akakirudisha, akakizungusha tena.

"Unaona, afande? Anachora duara. Anachora pete."

Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, alimvuta Inspekta hadi dirishani. Alieleza kwamba kiharusi kilikuwa kimegusa sehemu ya ubongo inayotunza maneno. Wagonjwa wengine hubakiwa na neno moja tu, wanalitumia kwa kila kitu. Wengine hulimaanisha hasa.

"Na huyu?"

"Huyu nadhani analimaanisha. Hataki kulala, hataki dawa, mara mbili ametaka kushuka kitandani. Presha haishuki. Akiendelea hivi, naogopa kiharusi cha pili. Mama, kama kuna mtu anaweza kujua anachotaka, atafutwe leo."

Inspekta hakubishana. Alivuka barabara kwenda mahakamani, akamkuta rafiki yake mkalimani kwenye ujia, anakula karanga akisubiri kesi iitwe. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu kiasi cha kutaniana bila salamu.

"Kaka, nipe maana ya 'ring'."

"Dada'ngu, umeniacha mwaka mzima, leo unakuja na neno la darasa la tatu?" Lakini alimwona usoni, akakunja kikaratasi cha karanga. "Ipi? Maana ziko mbili."

"Kuna ile ya pete."

"Hiyo ya kwanza, ya duara. Pete, kikundi cha watu waliosimama kwa mzunguko, na ulingo wa ndondi. Usicheke, najua ulingo una pembe nne. Zamani watazamaji walisimama duara na mabondia katikati, ulingo ukaja kubadilika umbo, jina likabaki. Asili yake ni neno la kale sana la Waingereza na jamaa zao wa kaskazini, lenye maana ya kitu cha mviringo."

"Na ya pili?"

"Ya mlio. Kengele inapolia. Hiyo haina undugu kabisa na ile ya duara, ingawa zinaandikwa sawasawa. Hiyo waliitunga kwa kuiga sauti, kama sisi tulivyosikia pikipiki ikilia tukaiita pikipiki. Kengele ikatoka kanisani ikaingia ndani ya simu, na neno likaifuata. Kwa hiyo Mwingereza akisema 'ring' anaweza kumaanisha piga simu. Kwa nini, kuna shahidi kalisema?"

"Kuna bibi kalisema. Alikuwa opereta."

Mkalimani aliacha kutafuna. "Opereta wa zamani? Wale kazini walisema Kiingereza kitupu. 'Ring' ndiyo ilikuwa kazi yao. Huyo ukimwambia pete atakushangaa."

"Kashangaa kweli," Inspekta alisema. "Na kile kidole hakikuchora duara."

"Kidole gani?"

Lakini alikuwa ameshaondoka, viatu vikiburuta kwenye sakafu ya mahakama, kwa mwendo ambao kwake ulikuwa mbio.

* * *

Konstebo aliileta simu ya ujiani hospitali ndani ya sanduku la sabuni, ameikumbatia kama mtoto. Dada wa kazi alikuwa ameshafika, amekaa ukingoni mwa kitanda, anampangusa bibi uso kwa kitambaa chenye maji. Mwanawe alisimama upande wa pili, hajui aweke wapi macho. Hawakuwa wamesemeshana.

"Nipishe kidogo, mwanangu," Inspekta alisema, akaiweka simu juu ya shuka.

Bibi aliiona. Kilio kilikatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Mkono wa kushoto ulikwenda kwenye simu bila kupapasa, ukanyanyua mkono wa simu, ukaufikisha sikioni, lakini haukubaki mkono wa kuzungusha namba. Binti aliupokea mkono wa simu, akaulaza juu ya mto, kwenye sikio la bibi. Basi kile kidole cha shahada kikaingia kwenye tundu la kisahani cha namba, kikazungusha mpaka mwisho, kikaachia. Kisahani kikarudi kwa mnong'ono wake. Kikazungusha tena. Halafu mara ya tatu, safari hii mbali zaidi.

Bibi alisikiliza. Waliokuwemo chumbani walisikiliza pia, hata konstebo. Simu ilikuwa kimya kama jiwe. Midomo ya bibi ikaanza kutetemeka.

"Ring," alisema, pole pole, kama anayemwomba mtu. Akabonyeza kitako cha simu kuikata, akaanza upya.

Inspekta aliinama, akazisoma namba kwa sauti kila kidole kilipoingia. "Mbili. Mbili. Saba."

"Nani mwenzangu?"

Wote waligeuka. Aliyesema ni mwenye duka la vipuri, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ndogo, ya adabu, ya mtu aliyekaririshwa. Yeye mwenyewe alishtuka kuisikia.

"Umesemaje?" Inspekta aliuliza.

"Ni... ndivyo tulivyojibu simu. 'Mbili mbili saba, nani mwenzangu?' Mama alitufundisha. Ilikuwa namba yetu, afande. Ya nyumbani."

"Nani alipiga?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu, bila kuuliza kama inaruhusiwa. "Baba alifariki tukiwa wadogo. Mama akapangiwa zamu ya jioni, na hapakuwa na mtu wa kukaa nasi. Alitupikia, akatuacha ndani, mimi na mdogo wangu wa kike. Halafu kila jioni, akipata nafasi kwenye ubao wake, anapiga. Walikatazwa kupiga simu zao binafsi, kwa hiyo ilikuwa haraka haraka. Anauliza mambo yale yale. Mmekula? Umefunga mlango? Mdogo amelala? Nikimjibu ndiyo, anasema haya, na wewe lala." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Siku moja nililala kabla hajapiga. Ikalia sikuisikia. Alikuja anakimbia njia nzima, na sare zake, peku, viatu kavishika mkononi."

Kitandani, kisahani kilikuwa kinarudi tena. Mbili. Mbili. Saba.

"Basi yuko kazini," dada wa kazi alisema taratibu. "Yuko kazini, na nyinyi hampokei."

Inspekta alimtazama mwanamume yule, akaelekeza kidevu mlangoni, kisha akamwuliza binti, "Simu yako ina chaji?"

Mambo yalipangwa kwa kunong'onezana. Mwana alitoka nje, akasimama kwenye ujia wa wodi, simu mkononi, tayari kupiga ya binti. Binti aliiweka simu yake ya mkononi nyuma ya mkono wa ile simu ya zamani, juu ya mto, mahali ambapo bibi hataiona. Bibi akamaliza kuzungusha namba. Kisha, kutoka pale sikioni pake, simu ikalia.

Ililia. Bibi alifumba macho. Mkunjo uliokuwa katikati ya paji lake tangu jana ukalegea kidogo. Binti aliiacha ilie tena, kama zinavyolia simu mtoto anapotoka mbio chumbani, kisha akabonyeza.

"Mbili mbili saba," sauti ilisema, nene, ya mtu mzima, ikipasuka katikati. "Nani mwenzangu?"

Pumzi ya bibi ilisimama.

"Mama, ni mimi. Tumekula. Tumemaliza chote." Sauti ikaendelea. "Mlango nimeufunga, na komeo nimeweka. Mdogo amelala. Leo hakulia."

Midomo ya bibi ilihangaika. Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili lake, alisogea mbele hatua moja. Neno lilikuwa linakuja kutoka mbali, linakwama, linajaribu njia nyingine.

"La," bibi alisema. "La... lala."

"Nalala, mama."

"Lala."

"Ndiyo, mama. Sasa hivi."

Kidole kilitoka kwenye tundu la saba, kikalala juu ya shuka pamoja na vidole vingine. Daktari alifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi mwa bibi, akasubiri, akasoma, akamwangalia Inspekta, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Haikupita muda bibi akaanza kukoroma, mkoromo wa mtu aliyemaliza zamu.

Konstebo alikuwa amegeukia ukuta, anasoma kwa makini tangazo la kunawa mikono.

Inspekta alitoka ujiani taratibu. Mwenye duka alikuwa amesimama palepale, paji la uso ameliegemeza kwenye ukuta wa chokaa, simu bado sikioni. Hakuikata. Kutoka ndani ya simu ilisikika ile pumzi, inapanda na kushuka.

Mlango ulifunguliwa nyuma yao. Dada wa kazi alikuwa anakokota kiti cha plastiki, miguu yake ikikwaruza sakafu mpaka muuguzi akatoa kichwa kutazama. Alikisukuma mpaka kikagusa magoti ya yule mwanamume.

"Dada," mwanamume alianza. "Jana mimi... kwa polisi nilisema..."

"Hayo utaniambia," binti alisema. "Tena vizuri, na mbele ya mama yangu, maana naye alilia. Lakini sasa kaa, kaka. Kaa, na usikate. Akishtuka usingizini, atataka kujua kama bado upo."

Alikaa.